Moto inayozimika ikipata moto

Tarehe 3 Novemba

Huku kwetu Bukavu pikipiki tunaiita moto, na hii yangu imeamua kulifanyia jina lake utani: ikipata moto, inazimika. Ikipoa inawaka kwa kiki moja, kama vile hakuna kilichotokea. Hii ni wiki ya tatu.

Ni mashini ya cc 125, ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na ina miaka minne mkononi mwangu. Asubuhi inanipeleka shuleni Panzi, halafu mdogo wangu anaichukua, anabeba wateja mpaka jioni na kuniletea hesabu. Hesabu imeanza kusinyaa. Mteja ukimshusha njiani mara mbili, mara ya tatu anakupita akitazama upande mwingine.

Leo saa kumi mdogo wangu alinipigia simu. Yaya ndivyo anavyoniita mimi, kaka yake mkubwa.

"Yaya, imezimika tena."

"Uko wapi?"

"Hapa Essence."

"Esansi iko?"

"Iko, Yaya. Nilitia asubuhi."

Tanki limejaa esansi, yaani petroli, na moto imelala katikati ya mtaa unaoitwa Essence, jina lilelile la petroli kwa Kifaransa. Mama watoto alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka sana. Mpaka leo nimeshalipia bujie (plagi) mbili mpya, kuoshwa kwa kabureta mara tatu, na kebo ya gesi (ya kuongezea mwendo) ambayo mpaka sasa sijui ilikosa nini. Kila fundi alipata ugonjwa na akautibu, na moto ilitembea vizuri nusu siku. Sidhani walinidanganya. Ikifika kwao imeshapoa, inanguruma vizuri, na fundi hawezi kumkataa mteja aliyekuja na pesa mkononi.

Nimekata shauri: hakuna kununua kitu kingine mpaka nijue ninanunulia nini. Nimechukua daftari la mwanafunzi la kurasa 48, nikalifunga kwa uzi pamoja na kalamu, likakaa chini ya kiti. Kila ikizimika, mdogo wangu aandike saa ngapi, ametembea muda gani bila kuzima, anapanda au anateremka, mvua au jua, esansi kiasi gani, imekufa namna gani, na imekubali kuwaka baada ya dakika ngapi. Alinitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama nikiwapa kazi ya nyumbani Ijumaa.

Tarehe 5

Siku mbili, mizimiko saba. Nimekaa na daftari na taa baada ya chakula.

Jambo lililonishtua ni neno. Mara nne ameandika "ilikohoa". Mara tatu ameandika "ilikatika". Nikamwita, nikamwuliza kama ni kitu kimoja amekiita majina mawili.

"Hapana, Yaya. Kuna ile inaanza kukosa nguvu, inakohoa, unafungua gesi haivuti, kisha inakufa. Na kuna ile unatembea muzuri, *pap*, kama mtu amezima taa ya nyumba."

Mafundi wote walimwuliza "inazimika?" na wote alijibu "ndiyo". Hakuna aliyeuliza inazimika namna gani, na mimi nimo kwenye hesabu hiyo. Moto inayokohoa kabla ya kufa mara nyingi imekosa chakula: esansi haifiki, au imefika na maji ndani. Moto inayokatika ghafla, gesi ikiwa wazi na mlio ukiwa mzuri, mara nyingi imekosa cheche. Basi huenda nina wagonjwa wawili kitanda kimoja.

Na kilichotuchanganya wiki zote hizi ni kwamba wote wawili wanapona kwa kusubiri.

Tarehe 6

Jumamosi bila shule. Nimeanza na anayekohoa.

Daftari linasema kukohoa hutokea baada ya kupanda kwa muda mrefu, hasa kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu na abiria mwenye mzigo, na mara zote nne tanki lilikuwa limejaa au karibu kujaa. Mtu angetegemea kinyume, kwamba ikohoe esansi ikiisha. Lakini tanki si ndoo iliyo wazi. Esansi ikishuka kwenda kwenye kabureta, lazima hewa iingie juu ichukue nafasi yake, nayo huingia kwa kitobo kidogo kwenye kifuniko. Kikiziba, ndani ya tanki hewa inapungua na kuanza kuvuta esansi irudi juu. Tanki likijaa hewa ya juu ni kidogo, kwa hiyo mvuto unakuja upesi. Kwenye tambarare injini inakunywa polepole na unaweza usijue. Kwenye mlima, gesi ikiwa wazi, inakunywa kuliko inavyopewa. Ukisimama, hewa inapenya taratibu pembeni mwa kifuniko, na baada ya dakika kumi unawasha na kusema "ilihitaji kupoa". Haikuhitaji kupoa. Ilihitaji kupumua.

Nikapanda Kadutu mwenyewe, mdogo wangu nyuma. Tulipokaribia soko ikaanza kikohozi. Nikasimama pembeni, nikainamisha sikio, nikafungua kifuniko.

*Fyuuuu.*

Hata mama aliyekuwa akiuza ndizi pale aligeuka. Nikafunga, nikapiga kiki moja, ikawaka hapohapo. Wala hatukusubiri dakika moja.

Kisha nikageuza kifuniko nitazame kwa ndani, na hapo nikamtazama mdogo wangu. Chini ya kifuniko kulikuwa na kipande cha sashe ya plastiki, kimekatwa kwa uangalifu kwa umbo la duara, kimetandazwa vizuri kama kitambaa cha meza.

"Hii ni nini?"

"Ni ya mvua, Yaya. Juanti yake ilikufa, maji yalikuwa yanaingia."

"Tangu lini?"

Akahesabu kwa vidole. Wiki tatu na siku kidogo.

Sikumgombeza. Juanti, kile kinachoziba kifuniko kisivuje, kweli ilikuwa imekauka na kupasuka, na mvua ya Bukavu ya mwezi huu haina aibu. Alitibu ugonjwa mmoja akazaa mwingine, kama mafundi wangu wote. Nimeondoa sashe, nimezibua kitobo cha kifuniko kwa uzi mmoja wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya zamani (ile kebo ya gesi imenifundisha kutotupa kebo), nikapuliza mpaka pumzi ikapita. Juanti mpya ya kifuniko haikupatikana peke yake, nimekata ya mpira.

Tarehe 7

Kwa kuwa maji yaliingia kabla ya sashe, nimefungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na kumwaga kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Nikaiweka dirishani. Baada ya muda mfupi esansi ilitulia juu, ya rangi ya chai hafifu, na chini yake yakajikusanya matone matatu manne yanayoteleza kama zebaki ukiinamisha chupa. Hayo ni maji. Esansi ni nyepesi, maji hulala chini, na bomba la kuelekea kabureta nalo huanzia chini. Nikamwaga tanki lote pia, nikasafisha chujio la robine (koki ya tanki). Lilikuwa na mchanga mweusi na kitu kama uzi wa gunia. Esansi tunayonunua kwa makadhafi (wauza esansi wa barabarani) inapita kwenye bidoni (madumu) nyingi kabla ya kufika kwetu. Sasa tunaimimina kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili.

Supapa (milango ya hewa ndani ya injini) nimezipima injini ikiwa baridi. Ziko sawa. Sina la kuongeza hapo.

Tarehe 10

Siku tatu, kikohozi hakijarudi hata mara moja. Mizimiko miwili tu, yote ya "pap". Daftari: mmoja baada ya dakika 35 za kutembea, mwingine baada ya dakika 40. Wa kwanza kwenye mteremko, wa pili kwenye foleni ya Feu Rouge, moto imesimama na inanguruma tu. Kuwaka tena: dakika 15, dakika 20. Asubuhi hakuna kitu. Wakati wa mvua hakuna kitu.

Wakati wa mvua hakuna kitu. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Kama ingekuwa waya uliochubuka au kofia ya bujie iliyopasuka, mvua ingekuwa adui yake wa kwanza. Huyu anaogopa joto tu.

Tarehe 11

Kabla ya kwenda ndani nimeondoa watuhumiwa rahisi. Injini ikiwaka, nimegeuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, nikitikisa kifungu cha waya pale shingoni. Waya hukatikia hapo mara nyingi kwa sababu hupinda kila siku. Haikuyumba. Nimetikisa ufunguo kwenye kontakti. Nimebonyeza na kuachia kitufe cha kuzimia. Kisha nikachomoa kabisa waya wa kitufe hicho, kwa sababu kikiingia kutu kinaweza kuua cheche peke yake. Mdogo wangu ameonywa: kuanzia leo moto inazimwa kwa ufunguo.

Nimempa pia bujie moja ya zamani, ikae mfukoni.

Tarehe 12

Imezimika saa nane mchana, mahali panapoitwa Major Vangu, baada ya dakika 38. Waya wa kitufe ukiwa umechomolewa, kwa hiyo kitufe si mkosaji. Mdogo wangu alifanya nilivyomwelekeza: alichomoa kofia ya bujie, akaivalisha bujie ya mfukoni, akailaza chuma kwa chuma juu ya injini, akapiga kiki huku amekinga jua kwa kiganja.

Ameandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: HAKUNA MOTO.

Baada ya dakika 15 akarudia. Cheche ya buluu. Ikawaka.

Kwa hiyo ni cheche, na tumeishika ikiwa haipo, jambo ambalo hakuna fundi aliyeliona. Sasa cheche inatoka wapi? Kwenye hii mashini kuna watu wanne wanaopokezana: koili ya ndani inayozalisha umeme, kisoma-mzunguko (mafundi wa hapa wanakiita kapteri) kinachosema "sasa", boksi la CDI, la elektroniki, linaloitikia, na bobini ya nje inayoukuza umeme mpaka uruke kwenye bujie. Mmoja akinyamaza wote wamenyamaza. Rafiki yangu aliniazima bobini ya moto yake inayofanana na hii.

Tarehe 13

Jumamosi. Nimetembea mwenyewe na bobini ya kuazima imefungwa. Dakika 41, pap. Bobini si yenyewe. Ningeinunua leo kama nisingeazima.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilibeba chupa ya maji na kitambaa. Boksi la CDI liko chini ya kiti, mbali na joto. Nililigusa, halikuwa hata vuguvugu. Injini upande wa kushoto, penye kifuniko cha sumaku, mkono haukai. Nikalowesha kitambaa, nikakilaza juu ya kifuniko kile, nikakigeuza kikipata moto, nikakilowesha tena. Mvuke ukapanda, watoto wakakusanyika. Dakika ya nne nikapiga kiki.

Ikawaka.

Siku zote inataka dakika 15 mpaka 20. Leo dakika 4, na kitu pekee nilichokipoza ni upande ule. Mkosaji amekaa nyuma ya kifuniko cha kushoto.

Tarehe 14

Baada ya misa nimefungua. Mafuta ya injini nimeyamwaga kwanza kwenye beseni, kwa sababu koili za hii mashini zinaogelea humo. Juanti ya karatasi imechanika, kama kawaida yake.

Kapteri ni kitu kidogo kuliko kiberiti. Kimekaa pembeni ya gurudumu la sumaku, na gurudumu lina nundu moja kwa nje. Kila nundu ikipita mbele yake, kapteri inatoa pigo dogo la umeme kwenda CDI. Ndani yake kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umeviringwa mara nyingi sana na kuzamishwa kwenye plastiki.

Kabla ya kuifungua nimepima nafasi kati yake na nundu. Sikuwa na kipimio, nikatumia ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu: ilipita kwa kubana kidogo. Nimeiweka kadi hiyo mfukoni kama ushahidi.

Kwa multimeta (kipima umeme), kapteri ikiwa imepoa: 188 ohm, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake. Nzima kabisa, kwa kuitazama. Hapo ndipo fundi angeniambia "kapteri iko muzuri, mwalimu", na angekuwa na haki.

Nikaenda jikoni.

Mama watoto alikubali sufuria ya zamani, ile yenye mpini uliong'oka. Kapteri nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, waya mbili zimetoka juu, nikaizamisha kwenye maji na kuwasha makaa. Bukavu tuko juu kuliko Ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 95 na si 100. Kwa kazi hii yanatosha.

188. 195. 204. Hii ni kawaida. Shaba ikipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi, na namba hupanda polepole. 213. 221. Maji yalikuwa yameanza kuimba, hayajachemka. 228.

Kisha kioo cha multimeta kikaonyesha 1 upande wa kushoto na kunyamaza. Njia imekatika.

Nikaitoa sufuriani, nikaishika hewani. Mama watoto akaja kusimama nami tukitazama kioo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Dakika sita, saba, bado 1. Dakika ya tisa ikaruka: 209. Nikairudisha kwenye maji. 1. Nikaitoa. Baada ya muda, 207.

Waya umekatika ndani. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana na kila kitu kinafanya kazi. Joto likipanua plastiki na shaba, ncha zinaachana kwa nafasi ambayo jicho haliwezi kuiona, na moto inakufa pale Major Vangu na mteja anashuka bila kulipa.

Nilimwita mdogo wangu aone. Alitazama kioo, akatazama sufuria, akasema, "Kumbe bujie zile mbili hazikuwa na makosa."

Tarehe 16

Dukani hawauzi kapteri peke yake, wanauza sahani nzima ya koili, dola 28. Nikapanda Kadutu kwa muzee mmoja anayefungua moto zilizokufa na kuuza viungo. Alikuwa nazo nne ndani ya kopo la maziwa.

"Chagua, mwalimu. Zote ni nzima."

"Muzee, nina multimeta. Na ninaomba maji ya moto."

Alinitazama kwa muda. Halafu akacheka, akamtuma kijana kwa mama anayeuza chai pale jirani, akarudi na termosi. Ya kwanza ilikufa kabla maji hayajapoa mkononi. Ya pili: 196 ikiwa baridi, 247 ndani ya maji, ikatulia hapo. Nikaishikilia humo dakika kumi, haikukatika, namba ikashuka tu taratibu kadiri maji yalivyopoa. Dola 5, pamoja na chai. Ile iliyokufa muzee aliichukua, akaitazama, akaitupa upande wa pili wa ukuta. Nilimheshimu kwa hilo.

Tarehe 17

Nimeifunga baada ya shule. Waya zilikuwa fupi, nimeunga kwa kulehemu na kufunika kila kiungo kwa kimpira chake, kwa sababu mkanda wa kawaida huyeyuka ndani ya mafuta ya moto. Kadi ya laini ya simu imerudi kazini: nimeiweka kati ya kapteri na nundu, nikakaza skrubu, nikaivuta kadi, ikatoka kwa kubana kama mwanzo. Juanti mpya, mafuta mapya. Waya wa kitufe cha kuzimia umerudi mahali pake. Kiki ya pili ikawaka.

Tarehe 20

Mtihani. Kwenda Kavumu na kurudi, jua la saa sita, mdogo wangu nyuma na gunia la viazi kurudi nalo. Nilifika Kavumu nikaiacha inanguruma bila kuzima kwa robo saa nikinywa soda. Moto iliyosimama haipati upepo, joto linapanda. Watu walidhani nimesahau ufunguo. Kisha nikarudi moja kwa moja mpaka mjini na kupanda Kadutu bila kupumzika. Kifuniko cha kushoto kilikuwa cha moto kiasi cha kukaanga yai. Haikukohoa, haikukatika.

Tarehe 26

Daftari lina mistari sita, yote "haikuzimika". Mstari wa saba hakuandika kitu, amechora moto yenye tabasamu.

Gharama ya wiki tatu za kubahatisha: dola 31. Gharama ya kutengeneza: dola 5 za kapteri, mafuta, juanti, na makaa ya mama watoto, ambayo ananikumbusha.

Tarehe 28

Usiku mvua kubwa. Asubuhi nimefungua tanki kutazama kiasi cha esansi. Sashe mpya, duara safi, imekatwa vizuri kuliko ya kwanza.

Nimemwita. Tumekaa chini pamoja, tukakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kipana kuliko kifuniko, chenye mdomo upande mmoja ili hewa iingie kwa chini na maji yateleze kwa juu, kama bati la nyumba. Tumekifunga juu ya kifuniko, kwa nje. Amemwaga maji kopo mbili juu yake, akafungua, akatia kidole, akakinusa.

"Kikavu, Yaya."

Akawasha, akaenda.